Mkataba Usio na Fungu

Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi tulikokulia, serikali ilikuwa jirani. Katika safu yetu ya nyumba aliishi nesi, akafuata karani wa wizara, kisha askari wa baraza la jiji, halafu sisi, nyumba ya mwalimu. Ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, kule Makongeni, walijaa watu wa reli. Wote hao walikula mshahara wa umma, na mshahara ukichelewa, wa kwanza kulalamika alikuwa mwenye duka.

Mwenye duka huyo alikuwa na daftari la Kasuku ambalo jalada lake lilikuwa limelowa mafuta ya taa. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Hakuandika majina, aliandika kazi: Nesi, Wizara, Askari, Mwalimu. Chini ya Mwalimu kulikuwa na unga wa pakiti, Kimbo ya kupima, sukari nusu, mkate, mafuta ya taa chupa moja. Mwisho wa mwezi mama alinituma na noti zilizokunjwa ndani ya karatasi yenye jumla aliyoipiga mwenyewe. Mwenye duka alilinganisha jumla hiyo na yake, akapiga mstari wa rula kukata ukurasa mzima, kisha akafungua ukurasa mwingine papo hapo, maana nilikuwa nimetumwa pia unga. Mama mboga daftari lake lilikuwa kichwani na hakuwahi kukosea. Mwenye bucha alijua wiki ya kuning'iniza nyama nyingi na wiki ya kuuza matumbo.

Tangu hapo nimesoma makadirio mengi ya serikali, vitabu vinene vyenye safu za tarakimu. Somo la kwanza nililipata kwenye daftari lile: mshahara wa mtumishi mmoja wa umma hauishii kwake. Unapita kwa mwenye duka, kwa mama mboga, kwa fundi viatu, kwa mwenye matatu, ndipo unarudi serikalini kama kodi.

Kila Juni, bajeti inaposomwa, husikika sauti mbili. Moja husema watumishi wa umma ni wachache na wanamaliza kodi ya wengi. Nyingine husema mfanyakazi apewe ujira wake. Zote zina ukweli ndani yake. Lakini kuna jambo ambalo nimeliona Eastlands kwa macho yangu, na sauti zote mbili hulipita bila kulitazama. Gharama ambayo Hazina inakataa kuilipa haifutiki. Inahama. Inahamia darasani, wodini na mfukoni mwa mzazi, na ikishafika huko hakuna kitabu cha serikali kinachoiandika.

Oktoba 1997 nilikuwa darasa la nane. Mtihani wa KCPE ulikuwa mwezi uliofuata, na mama yangu alikuwa amegoma.

Walimu wa nchi nzima walikuwa wamegoma, wakiongozwa na katibu mkuu wa chama chao, KNUT, Ambrose Adeya Adongo. Mwaka wenyewe ulikuwa mgumu. Mwezi Julai Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuwa limesimamisha mkopo wake kwa Kenya kwa sababu ya ufisadi, kashfa ya Goldenberg ikiwa bado inanuka. Uchaguzi mkuu ulikuwa unabisha hodi mwezi Desemba. Mtu mzima yeyote pale mtaani alijua kwamba mwaka kama huo ndio wa kuidai serikali, kwa sababu ndio mwaka pekee ambao serikali nayo ina ombi kwako.

Nyumbani kwetu mgomo ulikuwa na sheria kali. Watahiniwa wenzangu walikuja jioni na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, wakakaa kizingitini wakimsubiri mama. Mama aliwapa chai, akawaambia warudi kwao wasome wenyewe. Nami hakunisaidia. Nilimwonyesha hesabu ya sehemu iliyonishinda, akaitazama, akanirudishia daftari. Alisema hawezi kukaa na chaki chini mchana, kisha usiku akamfundisha mtoto wake mwenyewe wakati watoto wa wenzake hawana wa kuwafundisha. Nilikasirika sana. Leo nikitazama nyuma naona kwamba aliteseka kuliko mimi. Alikuwa akiikariri njia ya hesabu ile kimoyomoyo, midomo ikicheza, huku anakata sukuma.

Usiku mmoja alibisha mlango baba wa rafiki yangu, fundi wa vyuma kule Kariobangi kwenye karakana za Light Industries. Alivua kofia akasimama palepale mlangoni.

"Mwalimu, sikatai kwamba mnaonewa," alisema. "Lakini ukigoma wewe, mtoto wangu anakaa nyumbani. Nikigoma mimi, nani atajua?"

"Karibu ukae kwanza, baba."

"Nimekaa siku nyingi. Nataka kujua tu."

Mama alimjibu kwamba hata wake ni mtahiniwa, na hajamfungulia kitabu tangu mgomo uanze. Yule baba aliniangalia, akamwangalia mama, akasema kwa upole, "Basi hao ni watoto wawili sasa." Akaaga akaondoka.

Nimesikia mijadala mingi kuhusu vyama vya wafanyakazi wa serikali, ya mawaziri, ya wanauchumi, ya wakili mbele ya jaji, na bado sijasikia hoja nzito kuliko swali la fundi yule. Fundi wa jua kali hana mwajiri wa kumgomea, hana tume ya mishahara, hana malipo ya uzeeni. Anapokata bati leo ndipo anakula leo. Kodi anailipa kila anaponunua sukari na mafuta. Mwalimu akigoma, anayeumia si Rais wala Waziri wa Fedha, ambao watoto wao hawasomi Jericho. Anayeumia ni mtoto wa fundi. Anayetetea vyama vya wafanyakazi, kama ninavyovitetea mimi, hana budi kuanzia mlangoni pale.

Mgomo ulikwisha baada ya takriban wiki mbili. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Makubaliano yalichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali kama Notisi ya Kisheria nambari 534. Walimu waliimba barabarani. Awamu ya kwanza ililipwa, na nakumbuka tulivyoiona: mwenye duka alikata mstari kwenye ukurasa wetu, na ukurasa uliofuata ukabaki mweupe kwa muda. Mama alijiunga na walimu wenzake kununua ploti kule Ruai kwa malipo ya polepole, wakihesabu kwamba awamu ya pili itamaliza deni.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1997, Moi akashinda. Waziri mpya wa Fedha, Simeon Nyachae, alianza kueleza waziwazi jinsi hazina ilivyozidiwa na madeni. Awamu ya pili haikuja. Oktoba 1998 walimu waligoma tena, na safari hii walirudi darasani mikono mitupu. Waliokuwa na ploti Ruai walibaki na stakabadhi za malipo ya nusu na muuzaji asiyepokea simu.

Mtu anaweza kusema kwamba hapo serikali iliokoa fedha. Lakini mwaka huohuo wa 1998 ilisimamisha pia kuajiri walimu wapya, ikawa inaziba tu nafasi za waliokufa au kustaafu. Kisha Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikaleta elimu ya msingi bila malipo, jambo jema lililowarudisha shuleni watoto zaidi ya milioni moja nchini. Watoto waliongezeka, walimu hawakuongezeka. Mama alikuwa na darasa la kwanza mwaka huo. Watoto wanne walikaa kwenye dawati la wawili, wengine sakafuni kando ya ukuta, na wa mwisho walikuwa karibu na ubao kiasi kwamba aliandika akiwa ameinua mkono juu ya vichwa vyao. Madaftari ya kusahihisha alikuja nayo nyumbani ndani ya gunia la unga. Alisahihisha hadi taa ikaisha mafuta.

Hapo ndipo gharama ilipohamia. Mwalimu mmoja alifanya kazi ya wawili, mtoto akapata nusu ya mwalimu, na bajeti ikaonekana imetulia. Halafu shule zikaanza kuajiri walimu wa pembeni, wale ambao siku hizi tunawaita walimu wa B.O.M., wanaolipwa na kamati ya shule kutoka michango ya wazazi. Elimu ni ya bure, lakini mzazi wa Jericho, wa Dandora, wa Kayole, analipa mwalimu huyo mkononi kila muhula. Wengine wakahamisha watoto kabisa, wakawapeleka shule ndogo za mabati za kulipia zilizochipuka kila kona ya Eastlands. Fundi yule wa vyuma alifanya hivyo kwa mwanawe wa mwisho. Mshahara wa mwalimu aliulipa tu, ila aliulipa peke yake, bila kupiga kura na bila risiti ya serikali.

Jambo hilihili nililiona kwa jirani yetu karani wa wizara. Mwaka 1980 Moi alipiga marufuku chama cha watumishi wa serikali, na hakikusajiliwa tena hadi 2001. Kwa miaka zaidi ya 20 karani yule hakuwa na chama cha kumsemea, bei zikipanda na mshahara ukibaki palepale. Kwa wanaoamini kwamba vyama ndivyo vinavyoharibu bajeti, miaka hiyo ingepaswa kuwa miaka ya neema. Haikuwa. Karani yule alikuwa na koti la pili, la kuachwa kwenye kiti ofisini ili ionekane yupo, naye mwenyewe saa nne yuko Gikomba anauza mitumba. Hakuficha. Alisema kwamba serikali inajifanya inamlipa, naye anajifanya anafanya kazi. Mwananchi aliyekuja kutafuta cheti aliambiwa arudi kesho, na kesho akaambiwa faili haionekani, mpaka atoe kitu kidogo. Huo nao ni mshahara. Umelipwa na mwananchi dirishani, na haumo kwenye makadirio ya mwaka wowote.

Ndiyo maana nikisikia Nairobi ya leo ikizungumza juu ya vyama kana kwamba ni mzigo ulioletwa juzi, nakumbuka Kaloleni, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki akadai uhuru kamili wa nchi zetu. Alikuwa kiongozi wa wafanyakazi. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na kesho yake mgomo mkuu ukalipuka Nairobi. Singh hakuachiliwa huru hadi Oktoba 1961. Tom Mboya naye, kabla ya kuwa Tom Mboya tunayemjua, alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji aliyeanza siasa kwa kuwapanga wafanyakazi wenzake wa baraza. Watu hao hawakutenganisha mshahara na taifa. Walijua kwamba namna serikali inavyomlipa mfagiaji wake ndiyo namna inavyomtazama raia.

Mimi niliishia kwenye hesabu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mhasibu katika ofisi ya umma, nikitayarisha mishahara ya wenzangu na kukatwa ada ya chama kama wao. Kazi hiyo imenifundisha kuheshimu upande wa Hazina. Fedha zina kikomo kweli. Kanuni za fedha za umma zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na mwaka 2024 ilikuwa imepita 40. Kuna marupurupu zaidi ya 200 ya majina mbalimbali katika utumishi wa umma, mengine yakilipwa kwa kikao ambacho ndicho kazi yenyewe ya anayelipwa. Nimeyapitisha mengine kwa mkono wangu, kwa sababu yana kibali. Anayesema hapo pana mafuta ya kukatwa anasema kweli.

Ila asilimia ina pande mbili. Mapato yakipungua, kwa ukame au kwa wizi au kwa msamaha wa kodi kwa wakubwa, asilimia ya mishahara inapanda hata kama hakuna aliyeongezwa senti. Na kuna jambo ambalo wananchi wengi hawajaambiwa. Ibara ya 214 ya Katiba inasema deni la umma linatozwa moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali. Bunge haliketi kila mwaka kuamua kama mkopeshaji alipwe. Fungu lake linatoka kwanza. Mkataba wa mwalimu, hata ukiwa na sahihi ya serikali hiyohiyo na muhuri uleule, unasubiri makadirio ya kila mwaka, na makadirio yakibana, ndio unaokatwa.

Tuliona tofauti hiyo wazi mwaka 2024. Dola bilioni 2 za Eurobond ya 2014 zilitakiwa kulipwa ifikapo tarehe 24 Juni. Ili isishindwe, serikali ilikopa upya mwezi Februari, ikikubali kuwapa wakopeshaji zaidi ya asilimia 10. Ikalipa. Mwaka huohuo madaktari waligoma siku 56, na kiini chake kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000 tu. Walimu vijana wa sekondari ya msingi walikuwa wakifundisha kwa posho isiyozidi 20,000, wakaingia barabarani nao. Katikati ya mgomo wa madaktari, mwezi Aprili, serikali iliitisha kongamano la kitaifa la mishahara pale Bomas, lengo likiwa kurudi asilimia 35 kufikia 2028. Sisemi nchi isilipe madeni yake. Nasema mkataba ni mkataba, na anayeishi kwa mkataba wake ndani ya nyumba ya vyumba viwili Umoja ana haki ya kuuona ukiheshimiwa kama wa yule wa London.

Mwaka 2015 ulitukuta mimi na mama pande mbili za meza. Tarehe 30 Juni Jaji Nduma Nderi alikuwa ameamuru walimu waongezwe asilimia 50 hadi 60. Rais Uhuru Kenyatta alisema serikali haiwezi kulipa na haitalipa. Septemba shule zilifunguliwa bila walimu, na mwanangu, aliyekuwa darasa la kwanza katika shule ya umma, alikaa kwa bibi yake aliyegoma. Mama alikuwa karibu kustaafu. Siku moja ya Jumapili nilimchorea hesabu nyuma ya bahasha: nyongeza kiasi hiki, mara walimu wangapi, jumla mabilioni mangapi, na mapato ni haya. Nilimweleza kwamba haiwezekani kwa mwaka mmoja.

Aliisoma polepole kama alivyosahihisha madaftari.

"Hesabu yako ni sahihi, mwanangu," akasema. "Sasa nichoree ya pili. Ile ya 1997 wangeilipa kidogokidogo kama walivyoandika, leo ningekuwa nadai ngapi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nilipokwenda kuipiga nyumbani nikaona anachosema. Mahakama ilikuwa ikijaribu kuziba kwa mara moja shimo lililochimbwa kwa miaka mingi ya ahadi zilizositishwa. Hata mgomo wa 2013, uliochukua zaidi ya wiki tatu, ulikuwa bado unadai marupurupu ya Notisi 534. Na mwaka huo wa 2013 bajeti ilikuwa imetenga shilingi bilioni 17 kwa mradi wa kompyuta za watoto wa darasa la kwanza, wakati mwalimu wao hana nauli. Novemba 2015 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi wa Jaji Nderi. Oktoba 2016 ukatiwa sahihi mkataba mpya, shilingi bilioni 54 kwa miaka minne, uanze kulipwa Julai 2017.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti 2017.

Panga miaka hiyo tu. Makubaliano ya walimu ya 1997, uchaguzi Desemba. Mgomo wa 2002, uchaguzi Desemba. Mgomo wa 2012, uchaguzi Machi iliyofuata. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, viongozi wao wakafungwa jela mwezi Februari kwa kukaidi mahakama, kisha makubaliano yakapatikana Machi 2017, miezi mitano kabla ya kura. Na mkataba uliotokana nayo ndio uliokuja kugomewa tena 2024. Serikali inatia sahihi ikiwa inaomba kura, nayo Hazina inakataa kura zikishahesabiwa. Chama kinajua, serikali inajua. Anayeachwa gizani ni mzazi, naye ndiye anayelipia miezi ya katikati. Manesi walipogoma karibu miezi mitano mwaka 2017, majirani zangu walikwenda kujifungua katika kliniki za kulipia, wakiuza redio na vyerehani. Sijui kitabu cha serikali kilichowahi kujumlisha bei ya vyerehani hivyo.

Vyama navyo vina deni kwetu, na nasema hivi nikiwa mwanachama. Vinajadiliana hotelini, vinatoka na asilimia kubwa ya kushangiliwa, na havimwambii mtu fedha zitatoka fungu gani. Wilson Sossion aliteuliwa mbunge na chama cha siasa cha ODM mwaka 2017 akiwa bado katibu mkuu wa KNUT, na tangu hapo ikawa vigumu kumshawishi fundi wa Kariobangi kwamba mgomo ni wa chaki wala si wa siasa. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ilipoacha kukusanya makato ya chama kwa niaba ya KNUT, wanachama walipungua kutoka zaidi ya laki moja na nusu hadi makumi ya maelfu. Chama kilichokuwa na mizizi kwa wazazi kisingeangushwa na kalamu ya afisa wa mishahara. Mama yangu alikuwa mwanachama miaka yote ya kazi yake, na hakumbuki hata mara moja chama kuitisha mkutano wa wazazi wa Jericho kuwaeleza kinachodaiwa.

Ninachotaka ni kitu kidogo na kinawezekana. Mkataba wowote wa mishahara ya umma uletwe bungeni siku unapotiwa sahihi, pamoja na ukurasa mmoja unaoonyesha gharama ya kila mwaka na fungu litakaloilipa. Usio na fungu usitiwe sahihi. Ulio na fungu uheshimiwe hadi mwaka wake wa mwisho, serikali ikibadilika isibadilike. Na chama kiusome ukurasa huo mbele ya wazazi kabla ya kuweka chaki chini.

Baada ya mgomo wa walimu wa sekondari wa Agosti 2024 nililipeleka wazo hili kwenye mkutano wa wazazi, katika shule ambako mwanangu mdogo anasoma. Mwakilishi wa chama alikubali kuja, jambo lililonishangaza kwa furaha. Nilikuja na kurasa za makadirio nilizozichapa, mistari ya mishahara ya walimu nikiipaka rangi ya manjano. Mwanzoni ilikuwa kelele. Baba mmoja alitaka walimu wote wafutwe. Mwalimu mmoja aliinuka akataka kuondoka. Kisha mama anayeuza chapati nje ya lango, ambaye humlipa mwalimu wa B.O.M. shilingi zake kila muhula, aliuliza ile pesa anayotoa imeandikwa ukurasa gani.

Hakuna ukurasa, nikamwambia.

"Basi tuandike sisi," akasema.

Tukaanza hapohapo, kwenye daftari la mahudhurio ya mkutano: walimu wa pembeni ni wangapi, kila mmoja analipwa ngapi, kila mzazi anatoa ngapi, kwa mwaka ni ngapi. Jumla ilipotoka, mwakilishi wa chama aliomba aipige picha. Nakala yake imepelekwa kwa ofisi ya mbunge wa Makadara, nyingine kwa tawi la chama. Makadirio ya serikali hufikishwa bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, kwa hiyo mkutano wa mwaka tumeuhamishia Machi, na shule mbili za jirani zimesema zitakuja na daftari zao.